Kopo, dumu au ndoo ya magurudumu: kipi kinamwaga chumvi vizuri kwenye barafu?

Punje_Moja: Wakuu, njia yangu ya miguu ni kama mita 15, na asubuhi inakuwa kioo kitupu. Chumvi namwaga kwa mkono: huku rundo, kule patupu, na vidole vinawasha. Nataka kujiundia kifaa. Nimewaza kopo la bati lililotobolewa kitako, dumu la lita 5, au ndoo juu ya bomba linalozungushwa na magurudumu. Kipi?

Fundi_Msumari: Dumu, bila kufikiri mara mbili. Kopo nimelitumia msimu mmoja tu, chumvi ikalitafuna kwa kutu, halafu halina mpini, glavu zikilowa linaponyoka. Dumu limezaliwa na mpini. Pasha msumari mnene, toboa mabegani karibu na shingo, upande usio na mpini. Likisimama halimwagi, ukiliinamisha na kulitikisa ndipo linatoa. Usijaze zaidi ya nusu, mkono utachoka. Ukubwa wa tundu ndio kila kitu: angalau mara mbili ya punje kubwa kuliko zote. Kwa chumvi ya mawe mimi natoboa milimita 12.

Mama_Mapacha: Fundi, mimi niliunda hiyo ya magurudumu, ya kigari cha mtoto. Kwenye sakafu kavu ilimwaga mstari safi, nikajisifu. Nikaipeleka kwenye barafu: magurudumu yakaburuzika tu, hayazunguki! Bomba limekaa kimya, na mimi nasukuma ndoo ya chumvi matembezi. Nikayafunga kamba kuyazunguka, yakashika kidogo. Kwa njia ndefu labda. Kwa mita 15 ni kazi ya bure.

Kichwa_Ngumu: Chumvi ya mezani je, haifai?

Fundi_Msumari: Inayeyusha, ni chumvi ile ile. Ila ni laini, kwenye matundu ya milimita 12 itamwagika yote kwa pigo moja. Toboa madogo.

Babu_Koleo: Mnabishana vyombo, chumvi yenyewe mmeisahau. Ikinyonya unyevu inashikana mabonge, hapo hakuna tundu litakalokusaidia. Iweke kwenye ndoo yenye kifuniko, ichekeche kabla ya kujaza. Kwanza kwangua theluji kwa koleo, chumvi si ya kuyeyusha lundo. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi, chumvi ya kawaida inazembea sana. Hapo tumia kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine inayoyeyusha hata kwenye baridi kali zaidi, na uvae glavu maana inatoa joto ikilowa. Au mwaga mchanga: hauyeyushi kitu, lakini kiatu kinashika. Zege lililomwagwa mwaka huu usilimwagie chumvi, litabanduka uso.

Mama_Mapacha: Na mbwa mpanguse miguu akirudi ndani.

Punje_Moja: Shikamoo babu, nimekusikia. Nimetengeneza dumu, matundu 14. Yakawa mengi mno, nusu ya chumvi iliishia hatua tano za kwanza. Nimeziba manane kwa utepe wa plastiki wenye gundi, leo nimefika mwisho wa njia na chumvi imebaki. Sasa tatizo ni kizibo: nikiliinamisha sana kinafunguka.

Fundi_Msumari: Zungushia uzi kwenye michirizi ya shingo inayoshika kizibo, kabla ya kukaza.