Filamu ya Scarborough (2021): haina stori, au sisi tumezoea sana steringi?

mtoto_wa_ilala

Wakuu habari za jioni,

Jana nimeangalia Scarborough, ile ya Kanada ya Shasha Nakhai na Rich Williamson, nilikuwa na mshkaji ninayeishi naye hapa Toronto, masaa mawili na ushee tumekaa kimya, ikaisha, mimi macho yamelowa yeye ananiuliza sasa hapa stori iko wapi. Tumebishana mpaka usiku mnene hatujaelewana, nimeona nilete kwenu.

Kwa ambao hamjaiona, kuna watoto watatu. Bing ni Mfilipino, mama yake anafanya kazi saluni ya kucha, wamemkimbia baba ambaye akili zilimruka. Sylvie anatoka kwa wale wenyeji wa asili wa Kanada, anaishi shelta, yaani makazi ya muda ya wasio na nyumba, na wazazi wake na mdogo wake ambaye haongei. Laura ni mzungu, mama kamtelekeza kwa baba, na huyo baba ni mbaguzi wa kutupwa ambaye hata kujilea mwenyewe hawezi. Wanakutana asubuhi kwenye senta ya kusoma pale shuleni, anaiendesha dada mmoja Mwislamu anaitwa Hina. Basi. Hakuna steringi, hakuna adui wa kumalizwa, mwaka wa shule unapita tu na watu wanahangaika na maisha.

Mshkaji anasema filamu inarukaruka, ukianza kumzoea mtu wanakupeleka kwa mwingine. Mimi naona hapo ndo utamu ulipo. Sasa swali, filamu ya watu wengi namna hii inashikwa na nini isisambaratike? Na hela kidogo walizinyooshaje? Nina skripti naandika kuhusu jengo tunaloishi kwa hiyo sio ubishi tu, nahitaji kujua. Nawasilisha.

kata_unganisha

Mkuu mimi ni editor, nimeirudia hii filamu zaidi ya mara moja kwa sababu ya hilo hilo swali lako.

Inashikwa na ile senta. Angalia ishu ya chakula, Hina anawaandalia watoto cha kula asubuhi maana mtoto ana njaa utamsomesha nini, halafu bosi wake anamwandikia imeli za heshima kabisa kumkumbusha kwamba kazi yake ni kusomesha, mengine aachane nayo. Huyo bosi hapigi kelele, hatukani mtu, anaandika Kiingereza kisafi tu, na kila imeli ikiingia unaogopa kwa ajili ya watoto wote watatu kwa mpigo. Mshkaji wako anasema hakuna adui, mwambie azisikilize tena zile imeli. Na mama yake Sylvie naye, Marie, anazungushwa na maofisi akitafuta yule mdogo apimwe ajulikane ana shida gani. Ukuta ni ule ule ila kaufikia kwa mlango mwingine. Kwa hiyo wakikuhamisha kutoka kwa Bing kwenda kwa Sylvie stori haijakatika, imeendelea.

Kuhusu hela, Williamson kaongoza na mwenzake, kamera kashika yeye, kuedit kaedit yeye. Wote wawili wametoka kwenye documentary, wamezoea kutembea na kikosi kidogo na kupiga mtaani kwenyewe badala ya kujenga seti. Skripti kaandika Catherine Hernandez mwenyewe, ndo mwandishi wa riwaya ya 2017 ambayo filamu imetokana nayo, kwa hiyo mtaa alikuwa nao kichwani tayari. Ila usidhani bei ndogo maana yake haraka haraka, wale watoto hawaigizi kama watoto waliofundishwa mistari jana, kuna muda mwingi pale. Liam Diaz aliyecheza Bing alichukua tuzo ya mwigizaji bora wa Kanada 2022, mwaka huo filamu ilibeba Canadian Screen Awards 8 pamoja na ya filamu bora. Mtoto yule!

binti_wa_pwani

Mimi nakaa Scarborough, niongezee kidogo.

Hii sehemu ilikuwa mji wake mpaka 1998 ikaunganishwa na Toronto, na mpaka leo watu wa katikati ya jiji ukiwaambia unakaa huku wanakuangalia vingine. Zile moteli za Kingston Road kuwekwa familia zisizo na makazi sio mambo ya kutunga. Na kusubiri pia, ile treni yetu ya RT ilifungwa 2023 baada ya behewa kuacha reli, tukabaki na mabasi, sasa wewe simama kituoni Januari na mtoto mgongoni ndo utaelewa kwanini kwenye filamu watu wamechoka hata kabla siku haijaanza.

Nilichopenda ni kwamba hawakutuonea huruma. Bing anavyopanda jukwaani kuimba na nguo zake za kumeremeta, nilipiga makofi sebuleni peke yangu. Natamani tu wangekaa zaidi madukani, pita Lawrence Avenue upande wa Wexford uone mikate ya Waarabu inavyotoka jikoni, watu wanapanga foleni na kila mmoja na lugha yake.

mpiga_picha_254

Boss tafuta pia Here Out West ya Australia, ilifungua Sydney Film Festival 2021. Ni magharibi ya Sydney, waandishi 8 wote wa huko huko, madirector 5 wote wanawake, stori 8 ndani ya siku moja. Bibi anamwiba mjukuu wake mchanga hospitali, halafu kutoka hapo unapelekwa kwa watu wengine, Kiarabu, Kibengali, Kikurdi, Kivietinamu, kila familia inaongea ya kwao.

Kwangu Scarborough iko juu, kwa sababu ile ya Sydney kuna mahali unahisi mtoto aliyeibwa anarudishwa ili stori ziungane, lakini kwa mtu asiye na hela ile njia ni rahisi. Kila stori unaipiga kivyake na waigizaji wake, pesa ikikata unasimama unajipanga, hakuna haja ya kuwakusanya wote siku moja.

mtoto_wa_ilala

Nashukuruni sana wakuu, hiyo ya imeli nimemsomea mshkaji amenyamaza kwanza, amesema ataiangalia upya.

Sasa kwetu nafikiria iwe chumba cha kufulia, kiko chini kabisa ya jengo, mashine nne na mbili mbovu, kila mtu lazima ashuke, Mtamili wa ghorofa ya tatu, wamama wa Kisomali, mzee Mjamaika anayekunja shuka peke yake. Mnaonaje?

kata_unganisha

Hapo umepata. Mashine mbili mbovu hizo ziache hivyo hivyo, foleni itakuletea mazungumzo bila kulazimisha. Kabla hujaandika mistari shuka ukae usiku tofauti tofauti, andika nani anakuja saa ngapi na nani anamwachia nani zamu. Ruhusa ya mwenye jengo iombe sasa hivi kwa maandishi, na uwaambie wapangaji mapema unachofanya, hasa wenye watoto. Halafu jaribu kurekodi sauti mle ndani mashine zikiwa zinazunguka, ukiona hausikii mtu anasema nini utalazimika kupiga usiku sana zikiwa zimezimwa na mlio wake uuweke baadaye kwenye kuedit. Ukiwa na rasimu ya kwanza nitumie inbox nitaisoma.