Siku ya Utamaduni ya Japani: kemia ina nafasi?

Mleta mada (mwalimu wa kemia, Temeke)
Wakuu, habari za jioni. Klabu ya sayansi ya shule yetu inataka kukutana tarehe 3 Novemba, siku ambayo Wajapani huadhimisha Siku ya Utamaduni, ili tumzungumzie mwanakemia mmoja wa nchi hiyo. Baadhi ya walimu wenzangu wanashikilia kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi na mashairi, na kwamba kemia itafutiwe siku nyingine. Je, wana hoja? Na ni mwanakemia gani atawafaa wanafunzi wa kidato cha tatu, ambao wengi wao ni wasichana?

Jibu la 1
Mwalimu, heshima yako. Kwa Wajapani wenyewe hoja hiyo haisimami. Tarehe hiyo alizaliwa Kaizari Meiji. Mwaka 1946 katiba yao ya sasa ikatangazwa tarehe hiyo hiyo, na sheria ya mwaka 1948 ikaifanya kuwa sikukuu ya kupenda uhuru na amani na kuendeleza utamaduni. Siku hiyo, katika kasri la Tokyo, Kaizari hutunuku Nishani ya Utamaduni, iliyoanzishwa mwaka 1937, na wanasayansi huipokea pamoja na wachoraji na waandishi. Umetaro Suzuki, ambaye mwaka 1910 alipata katika pumba za mchele kirutubisho kinachozuia ugonjwa wa beriberi, alitunukiwa mwaka 1943.

Jibu la 2
Suzuki anastahili, lakini kwa wasichana hao mimi ningemchagua Chika Kuroda bila kusita. Alizaliwa Saga mwaka 1884, na mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku kilipofungua milango kwa wanawake, alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kuingia. Alipohitimu mwaka 1916 akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kupata shahada ya sayansi. Na tazama alichokichunguza: rangi za mimea ambazo Wajapani walitilia nguo kwa karne nyingi, kwanza zambarau ya mizizi ya shikoni, kisha nyekundu ya ua la benibana, iliyompatia udaktari mwaka 1929. Walimu wenzako wakitaja mavazi, wanamtaja yeye bila kujua. Baadaye aligeukia kwesetini, rangi ya njano iliyomo katika maganda ya vitunguu.

Mleta mada
Nashukuru sana, nimeshawishika, tutamchukua Kuroda. Je, hayo maganda tunaweza kuyafanyia jaribio bila maabara kubwa?

Jibu la 2
Inawezekana kabisa. Waombe wauza vitunguu sokoni maganda makavu, ambayo kwa kawaida wao huyatupa, myachemshe hadi maji yawe ya hudhurungi, kisha myachuje. Kata vipande viwili vya pamba nyeupe, kimoja ukichemshe kwanza katika maji yenye shabu ya mawe, kingine ukiache hivyo hivyo, halafu vyote viingie katika rangi na baadaye vifuliwe kwa sabuni. Kile cha shabu kitabaki na njano iliyokolea, kwa sababu alumini iliyomo hushikamanisha rangi na nyuzi, kingine kitapauka. Wanafunzi waeleze tofauti hiyo wao wenyewe kabla hujawaambia.