Mjadala: Mwenye nyumba asiye na choo cha maana, afungiwe vyumba?

Mwanzisha mada
Wana-Kampala, nipingeni kwa hoja. Sheria ya Afya ya Umma tunayo tangu 1935. Shuka Bwaise leo, mtaa wa bondeni: vyumba 12 vya muzigo, yaani chumba kimoja kimoja cha kupanga, choo kimoja, nacho kimejaa. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu anazibua tundu la chini la shimo la choo, uchafu unakwenda na mafuriko mtaroni hadi kwenye chemchemi watu wanakochota bure. Mmesahau taifodi ya 2015? Januari hadi Juni, walioshukiwa kuugua hapa jijini walipita 10,000, na uchunguzi ukaangukia maji machafu na juisi za barabarani. Benki ya Dunia nayo ilikadiria mwaka 2012 kwamba vyoo vibovu na uchafu vinaipotezea Uganda shilingi bilioni 389 kila mwaka. Nasema vyumba vifungwe mpaka mwenyewe ajenge.

Mpangaji, Bwaise
Ndugu yangu, ukifunga, nani analala nje? Mwenye nyumba ana kwake. Mimi nina watoto watatu na kodi nimeshalipa.

Mwenye vyumba, Kalerwe
Mnatusema kama wachawi. Choo ninacho! Kinachonimaliza ni kunyonya, yaani kutoa uchafu shimoni. Huku bondeni ukichimba kidogo tu umekuta maji, kwa hiyo shimo tunaliinua juu ya ardhi, dogo, linajaa upesi. Lori haliingii kichochoroni. Unaita vijana wa pampu ya mkono, wanajaza mapipa, wanayasukuma hadi barabarani, ndipo yapelekwe Lubigi, kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Kila hatua ni pesa. Nikigusa kodi, wapangaji wanahama.

Mwanzisha mada
Hapo mzee umenishika, sikufikiria mapipa. Lakini anayezibua usiku naye hana gharama? Anamwachia jirani wa chini alipe kliniki.

Mpangaji, Bwaise
Na siku za kazi, maana mtoto akiharisha mimi sitoki kuuza. Ila kuchanga tuliwahi. Kila chumba kilitoa kidogo juu ya kodi, pesa ya kunyonya, akashika mwenye nyumba. Mwezi wa tatu wa kuchanga tukauliza, imekwisha. Choo hakijaguswa.

Mwenye vyumba, Kalerwe
Huyo ametuharibia jina sote.

Mwanzisha mada
Basi pesa hiyo ashike mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa, aandike daftari kila mtu aone.

Mpangaji, Bwaise
Mwenyekiti wetu wa LC1 ndiye mwenye nyumba.