Pancha ya gurudumu la nyuma porini: mbona viraka vinabanduka?

Njia_ya_Rungwa:
Wakuu, naomba darasa. Pikipiki ni Boxer 150, ringi za spoku, tairi lina tyubu. Njia ni ya vumbi, Itigi kwenda Rungwa, miiba tele na fundi pancha yuko mbali. Kiraka cha solusheni kinashika vizuri, lakini baada ya saa moja hivi juani upepo unaanza kupungua. Ukifungua, kimeinuka pembeni. Solusheni naweka ya kutosha kabisa na nabandika chapchap kabla haijakauka. Nakosea wapi? Na je, lazima gurudumu litoke lote kila mara? Cheni na breki ndizo zinazokula muda.

Kiraka Baridi:
Umeshajijibu, mkuu: "ya kutosha kabisa" na "kabla haijakauka". Solusheni ni raba iliyoyeyushwa kwenye kimiminika, na hicho kimiminika kinatakiwa kiruke chote kabla ya kubandika. Ukikifunika kingali kibichi kinabaki chini ya kiraka, na tairi likipata moto kinageuka mvuke na kusukuma kingo. Ndiyo hiyo saa moja yako.

Fanya hivi. Kausha tyubu, kisha piga msasa eneo linalozidi kiraka kwa upana wa kidole pande zote, mpaka ule mng'ao mweusi uishe na ubaki weusi uliofifia. Kama tundu liko juu ya ule mstari wa mshono wa tyubu, usugue mshono mpaka ulale kabisa, maana hata ukibaki nusu milimita upepo unapita kando yake kama mferejini. Pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usisafishe kwa petroli ya kwenye tangi, inaacha utando. Na ukishasugua usiguse tena kwa kidole, mikono ya pikipiki ina grisi.

Solusheni ipake nyembamba, isambae kupita ukubwa wa kiraka. Weka tyubu kivulini usubiri dakika tano. Gusa pembeni kabisa kwa mgongo wa kidole: ikivuta uzi, bado, ikinata bila kuacha kitu kidoleni, tayari. Hapo bandua karatasi ya fedha bila kugusa uso wa kiraka, laza, kandamiza kuanzia katikati kwenda nje, kisha gongagonga kwa mpini wa spana juu ya jiwe bapa. Nailoni ya juu iache. Wengi huing'oa kwa nguvu na kiraka kinainuka nayo. Mwisho nyunyiza poda, au hata vumbi laini kavu, ili solusheni iliyobaki pembeni isinase kwenye tairi.

Spana Mkononi:
Hilo la gurudumu: hapana, si lazima. Kama msumari au mwiba unauona, usiung'oe kwanza. Simamisha stendi kubwa, zungusha gurudumu mwiba uje upande ulio rahisi kwako, weka alama ya chaki ubavuni mwa tairi, ndipo uutoe. Fungua sindano ya valvu upepo wote utoke. Mdomo wa tairi, yaani ule ukingo unaobana ringi, ukigoma kuachia, ukanyage kwa kisigino karibu kabisa na ringi, au mwombe mwenye pikipiki nyingine aegeshe stendi yake ya pembeni juu yake na kuegemeza uzito.

Sasa siri ya leva, zile pau bapa za kung'olea tairi: upande wa pili wa gurudumu, ule usiokuwa na leva, sukuma midomo yote miwili ya tairi iingie kwenye bonde la katikati ya ringi. Bila hivyo utavunja leva na mgongo. Inua sentimita tatu nne kwa kila hatua. Mdomo wa upande mmoja ukishatoka, vuta nje kipande cha tyubu penye alama tu, kizibe pikipiki ikiwa imesimama, kirudishe. Cheni hujaigusa, breki hujaigusa.

Njia hii inakataa mahali pawili: tundu likiwa karibu na valvu, na usipojua tundu liko wapi. Hapo gurudumu litoke tu.

Likitoka, mambo mawili yanasahaulika wakati wa kurudisha. Kwanza spesa ya ekseli, yaani ile bushi inayojaza nafasi pembeni mwa gurudumu: angalia ilikaa upande gani kabla haijadondoka mchangani. Pili ule mkono wa chuma unaoshikilia sahani ya breki kwenye mkono wa fremu unaobeba gurudumu. Nati yake na pini yake visiporudi, ukikanyaga breki ya ngoma sahani inazunguka na gurudumu na kupinda fimbo ya breki. Kanyaga breki mara mbili tatu ukiwa umesimama kabla ya kuondoka.

Mdomo wa Ringi:
Naongezea kwa sababu naona watu wanaziba tundu lakini hawashughulikii kilichotoboa. Laza tyubu juu ya tairi, valvu pale ilipokuwa, upande uleule iliokuwa imekaa, halafu tazama tundu limeangukia wapi na lina sura gani.

Tundu moja upande wa nje ni mwiba au msumari. Mwiba wa mgunga hukatikia ndani ya raba, kwa nje huoni kitu, na ncha iliyobaki itatoboa tena kiraka kikiwa bado kipya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi zunguko zima, kitanasa kwenye ncha. Usipitishe kiganja kitupu.

Mipasuko miwili midogo inayotazamana ni tyubu kubanwa kati ya jiwe na ringi, yaani upepo ulikuwa mdogo. Mipasuko hiyo ikitokea mara tu baada ya kufungua tairi, basi ni leva yako. Tundu upande wa ndani ni kichwa cha spoku, utepe wa raba unaovifunika umehama au umeoza. Na mpasuko penye shina la valvu haulipi kuziba, weka tyubu mpya. Huo hutokana na tairi kuteleza juu ya ringi upepo ukiwa kidogo na kuburuta tyubu. Ndiyo maana ile nati ndogo ya valvu haikazwi mpaka kwenye ringi. Ikiwa legelege, shina likianza kulala unaliona mapema.

Wakati wa kufunga, tia tyubu upepo kidogo tu iwe na umbo, anzia upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukiisukuma valvu ndani ili tyubu isikae chini ya mdomo wa tairi. Kipande cha mwisho kikiwa kigumu, tatizo liko upande wa pili: mdomo umetoka bondeni. Jaza, kisha kagua ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi, uwe na umbali uleule kutoka ringi pande zote.

Njia_ya_Rungwa:
Shukrani sana wakuu. Upepo nyuma uwe ngapi, na huko porini kipimo sina? Halafu ule mrija wa solusheni ukishafunguliwa, safari ijayo unakuta umekauka. Hapo mtu afanye nini?

Kiraka Baridi:
Nyuma PSI 28 peke yako, 32 ukibeba abiria, ila kibandiko cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Kipimo kitumie nyumbani: toa upepo wote, jaza kwa pampu yako ya mkono huku ukihesabu, andika ni mipigo mingapi inafika 28. Kidole gumba hakijui tofauti ya 20 na 28. Mrija ukishafunguliwa uhesabu umekwisha, beba miwili midogo ambayo haijatobolewa.

Spana Mkononi:
Solusheni ikiwa imekauka: kata utepe wa tyubu kuukuu, upana wa kidole, urefu wa mkono. Kusanya penye tundu kama unayefunga mdomo wa mfuko, zungushia utepe ukiuvuta mpaka mwisho, funga. Tyubu inakuwa fupi kidogo na gurudumu litadunda, na tundu la kwenye shina la valvu halifungiki hivi. Shusha abiria na mzigo, nenda polepole hadi kwa fundi. Huo utepe ufunge chini ya siti leo, haufiki gramu hamsini.