AC ya Corolla 110: gesi, kompresa ya mtumba au kushusha dashibodi?

Mama Salha
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya 1999, kila siku Mbezi hadi Posta. Nikiwa kwenye mwendo AC inapiga baridi vizuri kabisa. Nikikwama foleni ya Ubungo, dakika tano hazipiti hewa imeshakuwa ya vuguvugu, mtoto nyuma analia kwa joto. Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza: ongeza gesi, sh 50,000. Wa pili: kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imechoka, tafuta ya mtumba Gerezani. Wa tatu: evapareta, ile inayopoza hewa nyuma ya dashibodi, inavuja, tushushe dashibodi. Hela niliyonayo inatosha jambo moja tu. Nianze na lipi?

Kijana wa Magomeni
Jaza gesi dada. Mimi najaza kila miezi mitatu. Dashibodi ikishushwa hairudi ilivyokuwa, klipu zinakatika, ukiingia barabara ya vumbi inagonga mpaka unajuta.

Fundi Umeme
Mkuu, gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ikipungua, imevuja. Na inapovuja huwa inatoka na mafuta yanayolainisha kompresa, kwa hiyo huko kujaza-jaza kunaiua kompresa polepole.

Dada, dalili yako inanielekeza kwenye feni. Gari likitembea, upepo ndio unaopoza kondensa, ile inayotoa joto la gesi, iliyo mbele ya rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Kesho washa injini na AC, fungua boneti utazame feni. Kama haizunguki, anza na fyuzi na rilei (swichi yake ya umeme), kisha mota yenyewe. Jaribio jingine halina gharama: gari likiwa limesimama na AC imeshapoteza baridi, mwagia kondensa maji taratibu. Baridi ikirudi papo hapo, umeshajua.

Kompresa iliyochoka nayo hupoteza baridi gari likisimama, kwa hiyo fundi wa pili hakuropoka. Ila geji, yaani vipimo vya presha ya gesi, huzitenganisha: feni ikifa, presha ya upande wa juu inapanda kupita kiasi, kompresa ikichoka, upande wa juu unabaki chini na upande wa chini unakuwa juu. Je, kuna aliyefunga geji?

Mama Salha
Hakuna. Wa tatu alinionyesha maji yanadondoka chini ya gari upande wa abiria, akasema ndiyo evapareta.

Binti Tanga
Dada yangu, hayo ni maji ya hewa tu! Unyevu wa Dar unageuka maji kwenye evapareta kama jasho kwenye chupa ya soda ya baridi, kisha unatoka kwa kijibomba chake. Yasipodondoka ndipo uwe na wasiwasi, maana yatamwagikia zulia la ndani. Gesi ikivuja haidondoshi maji; inaacha alama ya mafuta yaliyoshika vumbi.

Nahodha wa Likoni
Mie kompresa ya mtumba ilinitesa. Ilifanya kazi wiki sita ikakwama, ikatapika chembe za chuma hadi kwenye kondensa. Nikanunua kondensa na chujio la kukausha unyevu, pesa zikazidi bei ya kompresa mpya. Ukilazimika kununua mtumba, zungusha klachi yake kwa mkono, isikwaruze, na mafuta ndani yasiwe meusi. Nanyi mlio karibu na bahari, kagueni kondensa, chumvi yala zile mbavu zake zikapukutika ukizigusa.

Mama Salha
Nimerudi wapendwa. Feni ya kondensa haizunguki. Fyuzi nzima, rilei nimebadilishana na ya honi, bado. Nimeisukuma kwa kijiti cha ufagio, ikazunguka kivivu kisha ikasimama. Nimemwagia maji: baridi imerudi pale pale, mwanangu akapiga makofi. Nimeona pia mafuta yenye vumbi jeusi kwenye maungio ya bomba karibu na kondensa.

Fundi Umeme
Mota imekufa, hiyo ndiyo ununue kwanza. Ya mtumba inafaa, ijaribu kwa betri hapo hapo dukani. Yale mafuta yanaonyesha gesi inavuja kwenye oringi, zile pete za mpira za maungio. Ukipata hela nyingine, fundi abadilishe oringi, avute vakyumu (atoe hewa na unyevu wote ndani ya mfumo) nusu saa, aone kama geji inatulia, ndipo apime gesi kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Fundi asiye na pampu ya vakyumu, mwache aende.

Mama Salha
Asante sana kaka. Jumamosi naenda Gerezani na betri ya jirani.