Wagumu wanne, laki tatu kila mtu: Unguja au Mafia?

Mgumu_wa_Umbwe (Moshi)

Habari za humu. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, mwaka wa saba huu napiga mzigo Kilimanjaro. Nimebeba mabegi ya Wajerumani, Wamarekani, Wachina, kila begi na kamba zake mia, na tukishashuka pale geti la Mweka wote wanaaga kwa neno moja: kesho Zanzibar. Wao wanaenda kuoga bahari, sisi tunapanda Costa kurudi mjini na matope yetu. Bahari nimeiona mara moja tu, Dar, nilipompeleka mama mdogo hospitali. Niliiangalia dakika tano hivi, nikaitwa kwenda kununua dawa.

Sasa nataka nibebe begi langu mwenyewe niende kisiwani, Unguja au Mafia.

Tuko wanne: mimi, mpishi wetu wa mlimani, na wagumu wawili, mmoja wa Marangu na mwingine wa Kibosho. Laki tatu kila mtu, siku saba, kutoka Moshi mpaka kurudi Moshi. Kulala pagumu si shida kwetu, mtu aliyelala kambi ya Barafu kule mlimani hema linapigwa upepo usiku kucha hawezi kulalamikia godoro la gesti. Mahema mawili ya kuazima tunayo, mpishi anataka kubeba jiko na sufuria. Mlimani mzigo wa mgumu mwisho kilo 20, kwa hiyo begi la nguo tatu na kandambili kwetu ni mapumziko.

Tunapokuwa huru ni Aprili na Mei, mvua ikiwa imeua kazi, au Novemba kidogo. Mgumu wa Kibosho ana jamaa Pangani anayesema kuna mashua zinavuka mpaka Unguja kwa bei chee kuliko boti ya Dar. Aliyewahi kupanda aniambie. Halafu nisiwafiche, watatu kati yetu hatujui kuogelea. Mimi nimejifunzia chemchemi ya Chemka, na kujifunza kwenyewe ni kushika ile kamba na kutoiachia.

Mwaka jana tulichangishana hivihivi, elfu hamsini kila mtu akishuka trip. Mtunza hazina wetu (simtaji, anasoma humu) akanunulia pikipiki yake matairi. Kisiwa chetu kikawa Chemka.

Ticha_Mpare (Same)

Mdogo wangu, mimi nilifundisha sekondari Mafia miaka minne, kwa hiyo navutia kwangu, unisamehe.

Aprili ifute kabisa. Hiyo ni masika, na pwani masika si kama ya Moshi inayonyesha usiku asubuhi ukaanika nguo. Bahari ikichafuka boti haiondoki, mtakaa Nyamisati, bandari ya kuvukia Mafia, siku mbili mkila akiba yenu na kuhesabu mbu. Nendeni Novemba. Ni mwezi wa vuli, mvua zipo ila si za kuzuia safari kila siku, na kuna jambo ambalo Aprili huwezi kulipata kwa pesa yoyote: papa potwe, yule papa mkubwa asiyeuma watu. Wanaanza kuonekana Oktoba, wanakaa mpaka Februari hivi, upande wa magharibi karibu na Kilindoni. Maana yake mlima ukilala, potwe wameamka. Ratiba yenu na yao ni moja.

Njia ni hii. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo pandeni basi la jioni Moshi, mtakuwa mmeokoa hela ya kulala. Mnafika stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kumeanza kupambazuka. Daladala mpaka Mbagala Rangi Tatu, hapo mnachukua gari la Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Boti ya kwenda Kilindoni piga simu jana yake uulize saa, inasogea. Nauli ya basi kwenda na kurudi wekeni kati ya elfu sitini na themanini kutegemea daraja. Kivuko cha Mafia ni nafuu kuliko boti ya Unguja. Kilindoni lalieni gesti za mjini, wawili chumba kimoja, asubuhi mpishi wenu aende mwaloni samaki wanaposhushwa, anunue wabichi, amwombe mama wa gesti jiko la mkaa. Utende kule kwenye hoteli za wageni msikanyage na laki tatu yenu, na mkiingia eneo la Hifadhi ya Bahari kuna ada, ingawa raia tunalipa kidogo kuliko wageni.

Boti ya kwenda kuona potwe ni ya kupatana. Subirini mjae watu wanane, bei inashuka. Asiyejua kuogelea anavaa jaketi okozi na kushika ubavu wa boti. Mimi siku ya kwanza nilishika hivyo hivyo, nikazamisha uso tu na miwani. Kwanza niliona madoa meupe, kama mtu kanyunyiza unga juu ya shuka la bluu iliyokolea. Nikawa natafuta samaki yuko wapi. Kumbe lile shuka ndilo samaki. Likapita chini yangu taratibu, mita 6 au 7 hivi, mdomo wazi upana wa dirisha, linachuja vidudu vya majini wala halina habari na Mpare anayetetemeka juu yake. Nilimeza maji ya chumvi kwa sababu nilisahau nikacheka.

Kaka_Ngaramtoni (Arusha)

Mnapanda mlima wa mita 5,895 mkiwa na ndoo ya mayai kichwani halafu mnaogopa maji ya magoti? Nendeni huko. Shida yenu itakuwa joto. Mchaga nikimfikisha Chalinze tu huwa anaanza kuvua viatu.

BintiJambiani (Unguja)

Karibuni sana. Kaka Mgumu, hayo ya mashua ya Pangani ondoa moyoni. Mashua ya magendo haina orodha ya abiria, haina jaketi, na ikichelewa hakuna anayejua kama mlikuwamo. Mkondo wa kaskazini huku si wa mzaha. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, meli kubwa ile, ilijazwa kupita kiasi. Itakuwa mashua? Pandeni boti ya Dar bandarini, mnafika kwa saa mbili au pungufu, na mchukue vitambulisho vyenu vya NIDA. Bei ya mwananchi iko chini kuliko ya mgeni, na bila kitambulisho mtajikuta mnabishana dirishani.

Mahema nayo muyawache Moshi. Kwetu mgeni akilala kijijini sheha, kiongozi wa mtaa, anatakiwa ajue, na ukipiga hema ufukweni bila ya ruhusa utaamshwa usiku. Chukueni chumba kwa mwenyeji.

Na kuogelea, watu wote watawambia Nungwi kwa kuwa maji hayakauki. Kweli, ila Nungwi maji yana kina na mifuko yenu itakauka badala yake. Nyie msiojua kuogelea njooni mashariki, Jambiani au Paje. Huku kuna mwamba mbali kule unaokata mawimbi, ndani yake maji ni ya kiunoni. Bahari ikitoka mnatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani mkawaone kina mama wanavyofunga kamba. Ila tazameni mwezi: mwezi mpevu na mwezi mchanga ni bamvua, maji yanatoka mbali mno na yanarudi kwa kasi. Msikae huko mkipiga picha. Na vaeni viatu, wale wadudu wa miba myeusi hawaulizi mtu katoka bara au wapi.

Gari ya Jambiani ni 309. Mkiingia teksi bandarini mmeshaliwa.

DadaSakina (Arusha)

Mimi nizungumzie pesa tu maana ndipo safari zinapofia. Tulikwenda Unguja wanawake sita wa kikoba kimoja. Tukaweka hazina ya chakula pamoja, tukagombana siku ya pili. Mmoja alikuwa anakula urojo wa jioni na kulala, mwingine kila akifika Forodhani, kwenye vyakula vya usiku, lazima pweza, kamba na juisi ya miwa, halafu tunagawa sawa. Tulirudi Arusha tumekaa viti tofauti kwenye basi.

Kwa hiyo nauli za basi na boti kila mtu alipe yake mapema, tiketi iwe na jina lake. Pesa ikishageuka tiketi haiwezi kuwa tairi. Chumba gawaneni. Chakula kila mtu mfuko wake, isipokuwa siku mpishi anapika. Na kila mmoja aweke pembeni elfu hamsini ambayo haiguswi, hiyo ni ya siku boti isipoondoka. Laki tatu inatosha Mafia, Unguja itawabana. Ya njiani bebeni chakula kutoka nyumbani, basi linaposimama Korogwe mnapewa dakika chache na sahani ya wali kwa bei ya harusi.

Pikipiki_Nyekundu (Kibosho)

Nimeisoma. Matairi yalikuwa mawili, si seti, na mmoja wenu nilimbebea mke wake kwenda kujifungua kwa tairi hilohilo saa nane usiku. Nimesharudisha elfu thelathini. Niwekeni kwenye orodha.

Mgumu_wa_Umbwe (Moshi)

Asanteni sana, wakubwa zangu, ticha shikamoo. Dada Sakina, ile ya pesa kugeuka tiketi nimeituma kwenye kundi letu la WhatsApp kama ilivyo, na aliyenyamaza mnamjua.

Tumekaa jana kwa mama mbege tukakubaliana. Mafia, Novemba, kundi la mwisho la Oktoba likishashuka na tipu zikiwa bado mfukoni. BintiJambiani, usituchukie, kwako tunakuja mwaka unaofuata, nimeandika 309 nyuma ya kitambulisho. Mahema yanabaki. Mpishi amegoma kuacha sufuria, anasema mwaloni atapika nini bila sufuria yake, basi ataibeba yeye. Hazina anashika yeye pia, kwa sababu hana pikipiki.

Huyo wa pikipiki tumemweka kwenye orodha, mke aliyebebwa ni wangu. Bado ana hela yetu.

Ticha, swali moja limebaki: hilo jaketi okozi linamfaa mtu wa kilo 90? Si mimi, ni mpishi.

Ticha_Mpare (Same)

Linamfaa. Mwambie asibebe sufuria majini.