Naomba ushauri: raketi ya badminton ya kushambulia, wawili wawili

Mpiga Smashi: Wakuu, habari za leo. Nacheza wawili wawili, mimi nyuma napiga smashi (pigo kali la kushuka), mwenzangu anamalizia nyavuni. Raketi yangu ya 5U, yaani nyepesi, haina nguvu. Nataka Yonex Astrox 99 Pro ya 3U, nzito zaidi, nyuzi zikazwe kwa paundi 28. Niichukue?

Uzi Mkavu: Anza na nyuzi. Uzi wa Yonex BG80 una unene wa mm 0.68, unarusha kwa kasi. BG65 una mm 0.70, unadumu. Kwa paundi 28 eneo zuri la kupigia linakuwa dogo: ukikosea kidogo kinyoya hakifiki nyuma, na uzi unakatikia pembeni. Paundi 24 zinatosha.

Mstari wa Nyuma: Kwa wawili wawili kuna Astrox 88D ya mtu wa nyuma na 88S ya mbele. Gideon na Sukamuljo, wachezaji wa wawili wawili wa Indonesia, waligawana hivyo. 99 ina kichwa kizito. Smashi yako ikirudishwa kifuani utachelewa.

Mama Nyavu: Mdogo wangu, mbona haraka hivyo? Mkono ni mzima?

Mpiga Smashi: Kiwiko kinauma upande wa nje, hasa nikiinua kikombe. Lakini ni uchovu tu, dada. Halafu nusu ya pesa nimeshalipa.

Mama Nyavu: Hilo ungeanza nalo! Hapo ndipo inaposhikia misuli inayoinua kiganja. Raketi yenye shingo ngumu, kichwa kizito na nyuzi kali inaongeza mzigo palepale. Kamwone mtaalamu wa viungo kwanza.

Hakiki: Siamini. Kiwiko kibovu, anataka 3U kwa 28, na anataja raketi moja tu? Hili tangazo la duka. Mpini wako wa sasa ni G ngapi, yaani unene wake?

Mpiga Smashi: G5, nimezungushia gripu (utepe wa mpini) mbili juu ya ile ya kiwandani. Siuzi kitu, kaka.

Hakiki: Sawa, nafuta kauli.

Mstari wa Nyuma: Gripu mbili! Hizo ni kama gramu 10 mpinini, uzito umerudi mkononi, kichwa cha raketi hakina tena nguvu. Vua moja upige tena kabla hujamalizia malipo. Ukibadilisha, Astrox 77 Pro ya 4U, gramu 80–84, shingo ya wastani.

Mpiga Smashi: Muuzaji anakubali 4U, ila iwe 99 ileile. Moyo uko hapo.

Mama Nyavu: Basi fundi aweke BG65 kwa paundi 22, na kwa sasa simama mbele, mwenzako apige nyuma.